Betri Iko Nyuma

Gari la shemeji yangu Uthmani lilikataa kuwaka saa ile ile ya kuondoka. Dua imeshasomwa, mifupa ya mbuzi imeshatupwa, soda zimeshakwisha, wazee wengi wameshaaga, na mdogo wangu Amisa ameshaketishwa kiti cha mbele, mkono wake wenye plasta umelala mapajani kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amshike.

Uthmani akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. Taa za mbele ya usukani zikapepesa kidogo, kama mgonjwa anayejaribu kuwatambua wageni, kisha zikazima. Akautupa ufunguo juu ya dashibodi, akashuka, akalipiga teke tairi. Tairi halikulia. Basi akamgeukia mmoja wa binamu zake wawili aliokuja nao, akamzaba kofi la kusikika nyumba ya tatu.

"We njo uliacha radio!"

Radio aliiacha mwenyewe. Asubuhi nzima, wazee wakizungumza sebuleni, yeye alikuwa anatoka kila mara kukaa garini na muziki wake, na kila akirudi aliuacha unaimba peke yake. Binamu alishika shavu, akatazama chini. Ilionekana shavu lile lilikuwa limezoea kazi hiyo.

"Pole, shemeji," nikamwambia kutoka mlangoni. "Labda limeshiba mbuzi, linataka kulala."

"Shakila, huo mdomo wako iko siku utauokota chini."

"Nitauokota, nitauosha, nitaurudisha. Ni wangu, nitaupeleka wapi?"

Wenzangu hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, wanajua kwamba mimi nikiogopa ndipo utani unazidi. Siku ile nilitania tangu alfajiri.

Amisa alikuwa amenifikia juu ya lori la nyanya kutoka upande wa Muyinga. Jicho moja limefunga, mkono umevunjika juu ya kiwiko, sikio la kushoto limepasuka kutoka tundu la kipuli hadi chini, nyama imeachana kama pindo lililofumuka. Alisema ameanguka kwenye pikipiki. Nikamuuliza ni pikipiki ya aina gani inayoacha alama za vidole shingoni. Akajifunika mtandio, akageukia ukuta. Kila simu yake ilipolia aliificha chini ya mto, na hakutaka niipokee.

Kwetu, mke akikimbilia kwao, mume humfuata na wazee wake. Huleta mbuzi, soda, sukari na kitambaa. Huomba msamaha bila kusema wa nini, ndiyo adabu yenyewe. Kisha mzee wa ukoo wa mke humuuliza binti yake mbele ya watu wote, mara moja tu, kama ana la kusema. Akilisema, mume huondoka na mbuzi wake. Asiposema, mzee hushika mkono wa binti, akautia mkononi mwa mume, na yamekwisha. Ndiyo amani.

Mzee wetu ni baba mdogo Waziri, fundi cherehani, mtu mpole mpaka sindano zinamwonea. Alikuwa na sababu ya kuitaka amani hiyo. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, shamba la baba yetu kule Mwakiro, upande wa Muyinga, lilikuwa linalimwa na watu tusiowajua, na wazee wa kilima, waamuzi wa kijiji, walitaka shahidi. Baba yake Uthmani akasimama, akaonyesha mpaka mti kwa mti, na shamba likarudi kwetu. Muda si mrefu Uthmani akaja kumposa Amisa. Hakuna aliyesema kwamba msichana ni asante. Ilisemwa ni mapenzi, tukapiga vigelegele.

Basi asubuhi ile Waziri alikohoa, akauliza: "Amisa, mwanangu, ulianguka au uliangushwa?"

Amisa alimtazama Uthmani. Kisha akatazama dumu la njano ambalo Uthmani alilishusha garini alipofika, akaliweka ndani, kwenye ukumbi wangu, kando ya mlango. Petroli. Siku hizo petroli ilikuwa imepotea Burundi nzima, watu wanalala kwenye foleni, na yeye alisema kwa tabasamu kwamba hataki iibiwe.

"Nilianguka, baba mdogo."

Ukawa ndio mwisho wa kesi. Waziri akaushika mkono wake mzima, akautia katika ule wa Uthmani. Nikatania kwamba bwana harusi wa mara ya pili hulipa mahari ya pili. Nilijua kwamba Amisa akishapita Karuzi, katikati ya njia, ndani ya gari lile, tutakachorudishiwa ni maiti.

Sasa gari limekataa, na mimi moyoni nalishukuru gari.

Uthmani alifungua boneti. Akainama, akachungulia, akashika hiki na kile, akainuka na jasho.

"Batiri yangu iko wapi?"

"Batiri iko wapi? Wameiba batiri! Ninyi watu wa Gitega, nimekuja kwa amani, mnaniibia batiri mu kiwanja cha bakwe zangu!"

Mtu amelimiliki gari tangu lishushwe melini Dar es Salaam, analisifu kila harusi kwamba ni la petroli na umeme, kwamba linakunywa kidogo kama bibi harusi, wala hajui moyo wake unakaa wapi. Wakati huo Zihalirwa alikuwa anaingia getini. Zihalirwa ni jirani yetu, Mkongomani wa Uvira, anauza vipuri vya magari karibu na soko. Alisikia kelele, akaja kutafuta biashara. Alipata shingo yake imeshikwa kabla hajasalimia. Uthmani alimbana kwenye ukuta wa matofali, akamgonga kichwa mara moja, mara ya pili.

"We njo unauza batiri! We njo umeiba!"

"Papa! Ngoja kwanza, papa! Hakuna mwenye ameiba! Hizi gari za ibride, batiri iko nyuma! Iko nyuma, mu kofre!"

"Wapi?"

"Nyuma! Vraiment! Uliza huyu mama, Shakila!"

Uthmani akamwachia. Zihalirwa akateleza chini taratibu, damu ikimtoka kisogoni, akaketi, akakusanya kofia yake.

"Ni kweli, shemeji," nikasema. "Gari lako lina betri mbili. Kubwa iko chini ya viti, ndiyo inasukuma magurudumu. Ndogo iko nyuma, upande wa kulia, kazi yake kuamsha kompyuta tu. Ndogo ikifa, kubwa haijui kama kumekucha."

"Nani amekufundisha?"

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi Kigoma. Nimeosha spana nyingi kuliko sahani. Amisa naye aliishi kwetu, muulize."

Uthmani akaenda nyuma, akavuta mlango wa buti. Haukufunguka. Kufuli lake ni la umeme, na umeme ndio uliokufa. Akaokota jiwe.

"Ukivunja kioo, utakula vumbi mpaka Muyinga," nikamwambia. "Acha niingie kwa ndani. Zihalirwa, baba, kama kichwa bado kinafanya kazi, kaniletee betri. Ile ndogo, yenye kimrija cha kutolea hewa. Usiniletee ile kubwa ya kamyoneti."

"Kichwa kinaniuma, mama, lakini biashara haiumi," akasema Zihalirwa, akaenda anayumba. Huyo ndiye mtu wa kutaniana naye.

Nikaingia mlango wa nyuma, nikalaza viti, nikatambaa kwa tumbo kuelekea kwenye buti. Ndani mlikuwa na giza ingawa ilikuwa saa sita mchana, maana kioo kina rangi nyeusi na lile pazia la kufunikia mizigo lilikuwa limevutwa. Mlinuka sabuni. Gari zima lilikuwa na vumbi la Karuzi, lakini pale nyuma palisuguliwa hadi zulia likachakaa.

Nikapapasa upande wa kulia, nikakuta kifuniko cha plastiki kinachoificha betri. Vidole vyangu vikahisi mikwaruzo. Kwanza nikadhani ni ya mizigo. Nikawasha tochi ya simu. Ilikuwa mistari minne minne, karibu karibu, imeshuka kwa pamoja, na katika mmoja umebaki ukucha. Ukucha wenye hina.

Nikakibandua kifuniko. Betri ilikuwa imekaa pale, chafu, ndogo kama tofali. Kati yake na bati la gari palikuwa na kitu kimeshindiliwa: msuko wa nywele umeviringishwa, mgumu kwa damu iliyokauka. Ndani ya msuko mlikuwa na kipuli. Dhahabu, umbo la jani, kazi ya sonara wa Ujiji. Mama yetu alivivaa viwili hivyo mpaka siku ya kifo chake. Cha kulia kilikuwa sikioni mwa Amisa wakati ule, hatua chache mbele yangu, upande wa pili wa kiti. Kwenye ndoano ya hiki cha kushoto palikuwa na kipande cha ngozi.

Mimi huchekesha watu hata msibani. Pale chini, tumbo juu ya zulia lililooshwa, nilitafuta neno la kuchekesha sikulipata.

"Umelala?" Uthmani akapiga kioo.

Nikakitia kipuli mdomoni, chini ya ulimi. Nikavuta kile kiwenzo kidogo kilichojificha ndani ya mlango wa buti, mlango ukainuka, na jua likaingia pamoja na uso wake. Alinitazama, akaitazama betri, akaitazama sehemu ambayo hakuwahi kujua kwamba ipo. Hakuiona mikwaruzo, nilikuwa nimekigeuza kifuniko na kuuficha msuko chini yake.

"Leo mdomo umefungwa," akasema.

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha spana. Kazi ile ina utaratibu, nami nikaufuata. Unaanza na waya wa hasi. Unauweka mbali, unaufunika kitambaa. Kisha chanya. Kisha kibano kinachoishikilia betri, kisha kile kimrija cha hewa, maana betri inapumua na imekaa ndani na watu. Ladha ya damu ilikuwa ulimini mwangu, ya zamani, kama msumari. Zihalirwa akarudi na betri mpya begani, shashi imebandikwa kisogoni. Nikaipokea. Ningeweza kusema palepale. Lakini bila betri hakuna ambaye angetoka uani humo, na mimi nilitaka mtu mmoja atoke, Amisa.

Nikatazama juu. Katika kioo kidogo cha dereva niliyaona macho ya Amisa. Yalikuwa yananitazama mimi na mahali mkono wangu ulipo. Nikavuta mdomo kidogo, akaona ncha ya jani la dhahabu kati ya meno yangu. Hakushtuka. Alifumba macho, akafumbua, kama mtu aliyekuwa akingoja basi na sasa limefika.

Chanya kwanza. Hasi mwisho. Gari likatoa mlio mmoja, taa ya ndani ikawaka.

"Njo hivyo!" Uthmani akapiga makofi. "Tunaenda."

Nikampita, nikaenda hadi kwenye mkeka alipoketi baba mdogo Waziri pale uani, nikatema kipuli katika kiganja chake.

"Baba mdogo. Uliza tena."

Waziri alikitazama. Alikigeuza, akakiona kile kipande cha ngozi. Mtu yule hajawahi kupaza sauti hata kwa mbuzi. Alisimama, akapaza.

"Amisa! Kipuli cha mama yako kimefikaje ndani ya gari hili?"

Amisa alijibu kupitia dirishani, bila kugeuza kichwa, polepole, kama anayesoma ubaoni.

"Nilikiweka mwenyewe. Alinipiga na mchi kule Mwakiro, akadhani nimekufa. Akanifunika gunia, akanitia nyuma, anipeleke kunitupa mto Ruvubu. Niliposhindwa kutoka nikafungua pale penye betri, nikaweka nywele na kipuli. Nikasema, hata nikifa, siku moja fundi atafungua. Halafu aliposimama kununua sigara nikakumbuka kile kiwenzo cha ndani. Nikajitupa mtaroni. Alinipigia simu: nikisema, atawachoma na nyumba. Dumu lile ndilo hilo."

Yule binamu wa kofi aliacha kushika shavu.

Uthmani hakukana. Alichukua bomba la kufungulia magurudumu kutoka kwenye buti, akampiga baba mdogo mdomoni. Mzee aliruka nyuma na mkeka wake. Meno yake yalitawanyika kwenye saruji kama mahindi yaliyomwagika. Zihalirwa akamrukia kwa nyuma, akapigwa kiwiko, pua ikavunjika kwa sauti, akaanguka juu ya masufuria. Binamu mmoja akakimbilia barabarani. Yule wa kofi alisimama kama mti. Nikamrushia Uthmani betri ya zamani. Ilimpata kwenye bega, akapepesuka, akaja. Pigo la kwanza lilinipata mbavuni, nikasikia kitu kimeachana ndani. Pigo la pili niliepa. Akanishika nywele, akaniburuta, akapitia ukumbini kuchukua dumu lake, akanipeleka hadi kwenye nguzo ya geti mbele ya gari, akafungua kifuniko kwa meno.

Petroli ni baridi. Hilo watu hawalijui. Iliniingia machoni, mdomoni, ikashuka mgongoni. Nikaona kwa jicho moja anatafuta kiberiti mfukoni, anakipata, anatoa njiti.

Na nyuma ya bega lake nikaona gari linakuja.

Lilikuja bila sauti yoyote. Magari yale, yakianza kuondoka, husukumwa na umeme peke yake. Injini bado imelala. Amisa alikuwa amehamia kiti cha dereva, mkono wa plasta umeegemea mlangoni, mkono mzima umeshika usukani. Ufunguo ulikuwa palepale juu ya dashibodi alipoutupa mwenye gari. Nilichotakiwa kufanya ni kimoja tu: Uthmani asigeuke. Na kazi hiyo, namshukuru Mungu, ndiyo ninayoiweza.

"Shemeji!" nikasema, petroli ikinitoka puani. "Shemeji Uthmani! Watu wanalala foleni wiki nzima, wewe unanimwagia dumu zima peke yangu? Si ungeniuzia?"

"Nyamaza!"

"Angalau utoe kidogo uwe na ya kurudia Muyinga! Utaenda kwa miguu? Kwa tumbo hilo?"

"Nyamaza, mbwa we!"

"Na njiti umeishika vibaya, shemeji, unaungua wewe kwanza. Mkono wako wa kulia umelowa. Hebu unuse."

Akaunusa. Wallahi aliunusa. Akasita, akautazama mkono wake unaomeremeta petroli, na katika kusita kule jiwe dogo likalia chini ya tairi. Akageuka. Mimi nikajitupa pembeni.

Gari lilimkuta mapajani, likambana kwenye nguzo. Mlio wake ulikuwa ule wa kuni mbichi zinazovunjwa kwa goti. Kiberiti kikaruka, kikatua kwenye tope la kuoshea vyombo. Uthmani alitazama chini kwanza, akaona miguu yake inavyoelekea pande ambazo miguu haielekei, ndipo akapiga kelele.

Amisa hakuondoa mguu. Alimtazama kupitia kioo cha mbele. Mimi nilijua akikanyaga tena, kidogo tu, kesi itakuwa nyingine.

"Amisa," nikamwita. "Mdogo wangu. Rudi nyuma. Inatosha."

Akarudisha nyuma. Gari likalia ndani mlio mdogo mdogo, ule wa kurudi nyuma, ti, ti, ti, na Uthmani akaanguka.

Nilivua kitenge kilicholowa, nikajimwagia maji ya pipa lote, nikajifunga shuka. Mbavu zilinichoma nikipumua. Mzee Waziri alikuwa ameketi, kiganja kimoja kimeziba mdomo, kingine bado kimefumba kipuli. Katika kupigwa kote hakukiachia. Binamu wa kofi alikuja, akasimama juu ya Uthmani, akamtazama muda mrefu.

"Hospitali," nikamwambia. "Tusaidie kumbeba. Halafu polisi."

Alimshika chini ya makwapa, bila haraka na bila huruma. "Tumuweke wapi?" akauliza. "Kiti cha nyuma?"

"Hapana," akasema Amisa. "Nyuma kabisa. Anapajua."

Tukamlaza kwenye buti, juu ya zulia lake lililooshwa, kichwa upande wa betri. Zihalirwa akaniletea kile kifuniko cha plastiki, damu inamdondoka puani. "Mama, bado hujafunga hii," akasema. "Nikirudishe?" Nikamwambia kikae hapa nyumbani, polisi watakitaka na ukucha wake.

Nikashika usukani. Baba mdogo aliingia nyuma yetu, akamtupia Amisa kipuli mapajani. Alisema jambo kupitia kiganja, na kwa kuwa hakuwa na meno alilirudia mara mbili ndipo tukalielewa: kule Mwakiro baba yake Uthmani atasimama mbele ya wazee wa kilima na kuikana ile mipaka ya shamba letu.

"Aikane," akasema Amisa.

Mzee akafikiri mpaka tukapita geti. "Basi aikane," akasema.

Amisa alijaribu kukivaa kipuli. Sikio la kushoto halina tena pa kukishika. Akavua na cha kulia, akavishika vyote viwili kiganjani. Kwenye njia panda, barabara ya kwenda Muyinga ilikuwa upande mmoja na ya hospitali upande mwingine. Nikakata ya hospitali. Betri ilikuwa mpya, gari lilishuka mteremko bila sauti yoyote. Sauti yote ilitoka nyuma.